Ufuate kaida au uzipindue? Makundi mawili, wazo moja, dakika tisa

Wanafunzi wa Nairobi wanaokuja kwangu wakitaka kupiga filamu yao ya kwanza, wengi huja na komedi ya vijana. Ni chaguo la busara. Shule ndiyo seti, sare ndiyo mavazi, na hadhira yao imekaa dawati la nyuma yao. Kisha huja swali, nalo huulizwa kama njia panda: tufanye kama zile tunazozijua, au tuvunje kila kitu? Kwa misimu kadhaa nililijibu vibaya, mwaka mmoja nikisema fuateni, mwaka mwingine nikisema vunjeni.

Kilichonifungua macho ni zoezi. Niliyapa makundi mawili wazo moja. Kevo yuko kidato cha pili katika shule ya bweni ya wavulana. Anataka kuzungumza na msichana siku ya fanki, ile siku shule ya wasichana inapokuja na basi lao kwa mjadala na nyimbo, na jioni muziki kidogo ukumbini. Dakika tisa, simu moja ya kushutia, maikrofoni moja ya kubanwa kwenye ukosi. Kundi la kwanza lifuate kaida zote za komedi ya vijana. La pili lipindue zote. Tukazionyesha filamu hizo Jumapili alasiri katika ukumbi mmoja wa Eastlands, ukutani, viti vya plastiki vimejaa wanafunzi, wadogo zao na wazazi wachache. Mimi nilikaa pembeni, nikitazama nyuso za watu badala ya ukuta.

Kaida ni mapatano

Fanani akisema "Paukwa!" unajibu "Pakawa!" hata kabla hujafikiri. Ukiambiwa sungura na fisi wameenda kulima pamoja, tayari unajua nani atashiba na nani atapigwa. Hiyo ndiyo kaida ya utanzu: mapatano kati ya msimulizi na wasikilizaji ambayo hakuna aliyeyaandika wala kuyatia sahihi. Msomi wa filamu Steve Neale alieleza mwaka 1980 kwamba utanzu huishi kwa marudio na tofauti vikienda bega kwa bega. Marudio matupu huchosha, na tofauti tupu haieleweki.

Komedi ya vijana tunayoijua kwenye skrini imejengwa Marekani. Ilipata sura yake hasa katika miaka ya 1980, kwa filamu za John Hughes ambazo nyingi zimewekwa katika vitongoji vya Chicago. Kuna makabati ya chuma kwenye varanda, bwalo ambamo kila tabaka lina meza yake, mrembo wa shule na wafuasi wake, mchezaji shupavu, msomi mwenye miwani anayechekwa. Kuna sauti ya msimulizi anayetufungulia moyo wake. Kuna onyesho la kubadilishwa sura, aibu ya hadharani, densi kubwa ya mwisho. Watu wazima huwa wajinga au hawapo.

Mwanafunzi wa Nairobi anazijua kaida hizi bila kuwahi kuliona hata moja ya makabati hayo. Hapo ndipo kazi yetu inakuwa tofauti na ya mwanafunzi wa London au Chicago: hadhira yako ina mapatano mawili kichwani, yale ya televisheni na yale ya shule aliyosoma. Kabla ya kuchagua kufuata au kupindua, ujue unazungumzia mapatano yapi.

Wahusika: hapa makundi yote mawili yaliteleza

Kundi la kwanza lilimleta msomi mwenye miwani mikubwa, anaangusha vitabu, wote wanamcheka. Ukumbi ulicheka pia, lakini kile kicheko cha kuona kitu kilichoazimwa. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akamwambia mwenzake, kwa sauti iliyonifikia, "Huyu ametoka wapi? Kwetu huyu ndiye anayebembelezwa atoe hesabu." Alisema kweli. Katika shule nyingi za hapa matokeo husomwa gwaride, na nambari moja hupigiwa makofi. Anaweza kuonewa wivu, anaweza kuombwa daftari hadi usiku wa manane, lakini mtu wa chini si yeye.

Kundi la pili lilifurahi sana kwa kumpindua: msomi wao anaheshimiwa na ana marafiki. Walidhani wamevunja ukuta. Hakuna aliyegundua. Wamarekani walipotoa Booksmart mwaka 2019, filamu ya wasichana wawili wa vitabu wanaogundua kwamba hata waliokuwa wakijirusha wamepata nafasi katika vyuo vikubwa, kule lilikuwa pigo kwa mgawanyo wa zamani wa wasomi na wapenda raha. Hapa kwetu, msomi anayeheshimiwa ni habari ya kila muhula. Ukipindua kaida ambayo hadhira yako haina, umefanya kazi ya bure.

Kwa hiyo katika wahusika, ushauri wangu ni kuanza na wahusika bapa wetu wenyewe, wale wenye sifa moja inayotambulika mara moja. Tunao. Mono, yule mgeni wa kidato cha kwanza, anayeshuka na sanduku la chuma lililoandikwa jina kwa rangi nyeupe. Prefekti wa bwalo mwenye upawa, anayejua nani apate kipande cha nyama na nani apate mchuzi. Tajiri wa bweni, yule ambaye sanduku lake lina Blue Band na Milo na ghafla kila mtu ni binamu yake. Anayeuza mandazi kwa siri chini ya blanketi. Matroni asiyedanganyika na homa ya Jumatatu. Naibu wa mwalimu mkuu mwenye viatu vya mpira, asiyesikika akija. Televisheni yetu nayo imesaidia kuwakaza. Waliokua wakitazama Tahidi High, kile kipindi cha maisha ya shule, kwenye Citizen TV wanawatambua kwa sekunde tatu. Na sekunde tatu ndizo ulizo nazo. Katika dakika tisa huwezi kumjenga mhusika duara, mwenye sura nyingi na anayebadilika, kila mahali. Wape wengi ubapa wao, umgeuze mmoja.

Kubadilishwa sura: onyesho moja, mara tatu

Hili nataka nilikalie, kwa sababu ndilo lililonifundisha zaidi.

Kundi la kwanza lilifuata kaida neno kwa neno. Kevo ameketi kitandani, kanyong'onyea. Marafiki wanaingia, wanamzunguka, muziki unaanza. Picha ya karibu ya mikono ikiinua godoro. Chini yake suruali ya kijivu imelazwa juu ya gazeti, imelaliwa siku tatu, na mstari wake wa mbele umenyooka kama rula. Ukumbi ulilipuka. Niliona baba mmoja wa makamo akipiga goti lake, nadhani alikuwa ameliona godoro lake mwenyewe. Kisha Vaseline kwenye viatu, tai ya kuazima, manukato ya tajiri wa bweni yanayopigwa mara moja tu huku mwenyewe akihesabu. Mlango unafunguka, mwanga kwa nyuma, Kevo anatoka kwa mwendo wa polepole. Sekunde 40, na ndizo zilizopata kelele nyingi kuliko zote alasiri ile.

Tazama kilichofanya kazi. Kaida ni ya kule: kila mtu anajua kwamba muziki ukianza na marafiki wakikuzunguka, utatoka ukiwa mwingine. Lakini suruali chini ya godoro ni ya kwetu. Walifuata umbo, wakalijaza vitu vyao. Mtu akiniambia kufuata kaida ni uvivu, namwonyesha godoro lile.

Kundi la pili lilikataa onyesho hilo kabisa. Kevo wao anakwenda fanki na sweta lililotoboka kiwiko. Wazo lilikuwa la heshima: kwa nini kijana abadilike ndipo apendwe? Walilijadili wiki nzima na waliliamini kwa dhati. Lakini ukutani tulichoona ni mvulana aliyevaa sweta lililotoboka. Hakuna aliyempa suruali akaikataa. Hakuna aliyefungua mlango wenye mwanga. Kukataa kitu ambacho hujapewa hakuonekani kwenye picha, hata ukusudie vipi.

Mwezi uliofuata tulikaa wote pamoja tukapiga toleo la tatu. Godoro lile lile, mstari ule ule, Vaseline, manukato yaliyohesabiwa, mlango, mwanga, mwendo wa polepole. Kila kitu kama kundi la kwanza, bila kupunguza hata shoti moja. Kisha mlango wa ukumbi unafunguka na kamera inageuka: wavulana 40 wamesimama ukutani, wote na mstari ule ule, fundo la tai lile lile, viatu vinang'aa vile vile. Msichana anapita mbele yao kama mkaguzi wa gwaride na hamwoni Kevo, kwa sababu haonekani. Kaida imefuatwa hadi mwisho, na matokeo yake ndiyo yamegeuzwa.

Hilo ndilo jibu langu kwa yeyote anayechagua katika onyesho la aina hii. Kama una muda wa kulijenga tarajio, lijenge lote, ndipo ulipindue. Kama huna, lifuate tu na ulijaze vitu vya kwenu. Usirukie kupindua.

Walioko Hollywood wanalijua hili vizuri. Mean Girls ya 2004, iliyoandikwa na Tina Fey, inakwenda na kaida mpaka kwenye densi, mpaka kwenye taji la malkia wa usiku. Kisha mshindi analivunja taji lile vipande vipande na kuwagawia wenzake. Lau wangekataa kuwa na densi, hakungekuwa na taji la kuvunja. Filamu hiyo hiyo inamleta shujaa wake kutoka Afrika, na humo anawafananisha wanafunzi wenzake na wanyama kwenye kidimbwi cha maji. Nikiionyesha hapa Nairobi, wanafunzi wangu hucheka mahali pengine kabisa, na baada ya kicheko huja mjadala mrefu: utanzu huu ulitutazamaje, na sisi tukiushika tutatazama wapi? Ni mjadala ninaoupenda kuliko somo lolote la kamera.

Watu wazima

Hapa napendekeza kupindua, bila kusitasita, na kundi la pili ndilo lililonishawishi.

Kundi la kwanza lilikuwa na naibu wa mwalimu mkuu anayejikwaa, anapiga kelele, anafunguka kamba za viatu. Vicheko viwili, vikaisha.

Kundi la pili: Kevo yuko nyuma ya tangi la maji, anamalizia barua. Tunaviona viatu vya mpira kabla ya kumwona naibu mwenyewe. Barua inanyakuliwa. Sasa, kila aliyesoma bweni anajua kinachofuata: itasomwa gwaride Jumatatu, mbele ya watu 800, kwa sauti ya kuigiza. Kaida ya aibu ya hadharani tunayo sisi pia, tena ya kwetu ni kali kuliko ya bwalo la Kimarekani. Ukumbi ulinyamaza. Naibu anasoma kimya. Anatoa kalamu nyekundu mfukoni. Picha ya karibu ya karatasi: "Moyo yangu inakupenda." Kalamu inakata "yangu", inaandika "wangu". Inakata "inakupenda", inaandika "unakupenda". Anairudisha barua na kuondoka, bila neno, bila sauti ya viatu.

Kicheko kilichelewa sekunde moja, kisha kikaja kizito. Mwalimu mmoja wa Kiswahili aliyekuwa mstari wa mbele alisimama kabisa. Na kilikuwa na joto ndani yake, kwa sababu ghafla mzee yule alikuwa mtu, mtu aliyewahi kuandika barua yake. Hili lilifaulu kwa sababu ile ile iliyoliangusha sweta: safari hii tarajio lilikuwa limejengwa tayari, na sisi wenyewe, kwa miaka minne ya gwaride.

Lina faida nyingine ya vitendo. Mwigizaji mtu mzima mara nyingi utakuwa na mmoja tu, mwalimu aliyekubali kukupa saa moja baada ya masomo. Mpe kitu cha kuigiza kinachomfaa mtu mwenye akili, naye atakupa teki mbili nzuri.

Mwisho wa hadithi

Kundi la kwanza: Kevo anapata densi, taa zinang'aa, mwisho. Watu walipiga makofi ya adabu. Kundi la pili: basi la wasichana linaondoka, Kevo hajasema lolote, ukuta unakuwa mweusi. Kimya, kisha sauti ya mtoto: "Imeisha?"

Mimi naamua hivi: mwisho utegemee ulichofanya katikati. Ukiwa umepindua kitu kikubwa kabla, kama ile kalamu nyekundu, mpe mtazamaji mwisho anaoujua. Amefanya kazi, apumzike. Ukiwa umefuata kila kitu, hapo mwisho ndio mahali pako pa kugeuza, lakini uugeuze kwa tendo linaloonekana. Taji linavunjwa. Barua inarudi na alama 7 juu ya 10. Basi kuondoka peke yake ni kukosekana kwa tendo, na kamera haipigi kisichokuwepo.

Yanayogusa mfuko na kibali

Watu hudhani kufuata ni rahisi. Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini densi ya mwisho inataka wanafunzi 30, ukumbi, ruhusa ya usiku, na muziki. Muziki ndio mtego: wimbo unaovuma redioni una mwenyewe, na ukiuweka bila idhini filamu yako inaweza kukwama pale unapotaka ionekane. Tafuta mwenzako anayepiga gita au anayetengeneza midundo kwenye kompyuta. Kupindua, kwa upande wake, hula wakati wa skripti. Onyesho la kalamu nyekundu lilipigwa kwa saa moja na watu wawili, lakini liliandikwa upya mara sita.

Jambo moja lisichanganywe na jingine: kupindua kaida za utanzu hakukulazimishi kuweka matusi wala matendo ya wakubwa. Bodi ya uainishaji wa filamu nchini Kenya, KFCB, ina madaraja ya GE (kwa watu wote), PG (kwa mwongozo wa mzazi), 16 na 18. Komedi ya shule ikipanda hadi 16, mono uliyemwigiza hawezi kuitazama. Na kama unalenga Tamasha za Kitaifa za Drama na Filamu, kumbuka ukumbi ule ni wa wanafunzi na walimu wao, na waamuzi watakuwa wametazama filamu nyingi za shule kabla ya yako. Wanafunzi hutaka kutambua; waamuzi hutaka kushtuliwa. Kaida iliyojengwa vizuri kisha ikageuzwa mara moja huwapa wote wawili, nami sijaona njia nyingine inayofanya hivyo katika dakika tisa.

Lugha sitaikalia. Kevo aongee anavyoongea kwenye matatu ya Jogoo Road, naibu aongee Kiswahili sanifu, na tofauti hiyo itawachekesha watu bila kuandikiwa mzaha.

Ambacho sote hatukukiona

Baada ya maonyesho yale ya Jumapili, yule msichana wa kidato cha tatu alikuja kwangu. Alikuwa amehesabu. Katika filamu ya kundi la kwanza, msichana wa fanki alisema maneno manne. Katika ya kundi la pili, lililopindua kila kitu, alisema matatu. Makundi yote mawili yalikuwa yamembeba kama kikombe cha mashindano, na mimi msimamizi wao sikuliona. Kaida iliyokaa ndani kabisa ni ile ambayo hata mwenye kupindua huifuata bila kujua, na swali la kufuata au kupindua nilikuwa nikilielekeza kwa zile za juu juu tu.

Sasa yuko katika kundi la mwaka huu, yeye ndiye mwelekezi. Wameandika ubaoni kaida zote wanazozikumbuka, za Chicago na za bweni, zikafika 17. Wamekubaliana kuziacha 16 zikae zilivyo: godoro, manukato, prefekti na upawa wake, viatu vya mpira, hata densi. Wamepigia mstari moja. Jumamosi saa kumi na mbili unusu asubuhi, kabla jua halijawa kali, wanashuti onyesho la kwanza, na kamera haiko bwenini kwa Kevo. Iko ndani ya basi la wasichana, kiti cha tatu kutoka mbele, na msichana aliye dirishani anaipiga pasi tai yake kwa kuilalia.